SOMO: HERUFI MOJA YA SIMEONI

Wengi hudhani Kilatini ni cha wenzetu Wakatoliki tu. Kweli, seminari ya Rubya, Muleba, ilikifundisha. Ndiko alikosoma Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Lakini hata sisi Waanglikana tunacho katika majina ya nyimbo za Sala za Asubuhi na Jioni.

Kiswahili huweka nafsi na wakati mwanzoni mwa kitenzi. Kilatini huviweka mwishoni. Basi tazameni mkia wa neno:

-t ni yeye: magnificat, anatukuza.
-mus ni sisi: laudamus, tunasifu.
-te ni amri kwa wengi: venite, njoni.
-s ni wewe: dimittis, unaruhusu.

Sasa angalieni herufi iliyo kabla ya -s:

Dimittis: unaruhusu (sasa).
Dimittes: utaruhusu (baadaye).
Dimittas: uruhusu (ombi).

Wimbo wa Simeoni, Nunc Dimittis, una i. Kumbe mzee yule haombi kufa, wala hangojei kesho. Anashuhudia kwamba ahadi imekwisha kutimia, maana amempakata Mtoto mikononi mwake (Luka 2:28-29). Tukiuimba wimbo huu penye msiba, tukumbuke kwamba si ombi la mtu aliyechoka kuishi. Ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupokea.

Zoezi: Laudas, laudat, laudamus. Ni nani anayesifu katika kila neno? Jaribuni nyumbani pamoja na watoto.