SOMO LETU: Kontua, Kompyuta na Maji ya Mserereko



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo kamati nyingi hulikuta kwenye andiko la mradi wa maji na kulipita bila kuuliza. Jambo hilo ni modeli ya miinuko. Hii ni sura ya ardhi iliyojengwa ndani ya kompyuta, ambamo kila mahali pana namba ya mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Kwa modeli hiyo mhandisi huamua bomba lipite wapi, tenki lijengwe wapi na maji yafike kwa nani. Modeli ikikosewa, fedha za wafadhili zitakwisha kwenye mabomba na akina mama watabaki na ndoo kichwani.

Mfano wetu ni kata ya Ibaba, wilayani Ileje. Wilaya hii ilikuwa chini ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa. Ileje ni nchi ya milima na mabonde yenye miteremko mikali. Nchi ya namna hii inafaa sana kwa maji ya mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye chanzo bila pampu wala dizeli. Lakini mserereko una sharti moja lisilobadilika: maji hayatapanda juu kuliko chanzo chake.

Kontua inasema nini, na inanyamaza wapi?

Kontua ni mstari wa ramani unaounganisha mahali penye mwinuko sawa. Tuseme ramani yetu ina kontua kila baada ya mita 20. Mstari mmoja unasema 1,840, unaofuata 1,860. Kati ya mistari hiyo ramani haisemi kitu, na kompyuta hulazimika kukisia. Njia inayotumika sana ni kuunganisha nukta za kontua kwa pembetatu nyingi zilizoshikana, kama vipande vya bati vinavyofunika paa.

Hapo ndipo penye mtego. Pembetatu ikipata pembe zake zote tatu kwenye kontua moja, inalala bapa. Hali hiyo hutokea hasa kwenye kilele, kwenye mgongo wa mlima na kwenye mkunjo wa bonde. Kilele kinakatwa kichwa, na bonde linajazwa.

Tuchukue hesabu. Chanzo kiko mita 1,868. Kwenye mgongo wa kilima wanakotaka kujenga tenki, kontua ya juu kabisa ni 1,860. Modeli inaonyesha uwanja bapa wa mita 1,860, na kila mtu anafurahi kwamba chanzo kiko juu kwa mita 8. Lakini mgongo wenyewe una mita 1,873. Ramani haikudanganya, kwa kuwa 1,873 haijafika kontua ya 1,880. Ila maji hayatafika kamwe, maana tenki liko juu ya chanzo kwa mita 5.

Tunakiri kwamba sisi wenyewe tumewahi kunaswa na mtego huu katika mradi mmoja wa nyuma. Kilele chetu kilikuwa bapa kwenye karatasi na hatukuuliza kwa nini. Wananchi walikuwa wamekwisha kuchimba mtaro kwa nguvu zao wenyewe ndipo tukapima kwa kifaa na kuona kosa. Kuomba radhi mbele ya watu waliochimba kwa jembe ni kazi ngumu kuliko kupima mara mbili.

Hatua za kujenga modeli ya kuaminika

Kwanza, kagua namba za kontua. Anayeingiza ramani kwenye kompyuta akiandika 1,480 badala ya 1,840, patatokea shimo la mita 360 katikati ya mlima. Kontua mbili za miinuko tofauti hazivukani, na mstari haukatiki katikati ya ramani bila sababu.

Pili, ongeza vijito na migongo ya milima kama mistari ya pekee. Mistari hiyo huizuia kompyuta isitandaze pembetatu kuvuka bonde. Zipo pia programu zinazotumia njia ya Michael Hutchinson wa Australia, aliyoichapisha mwaka 1989, ambayo huhakikisha kwamba maji katika modeli yanatiririka kwenda chini bila kunasa kwenye mashimo ya uongo. Programu ya QGIS hupatikana bure, na kwa kazi ya pembetatu inatosha.

Tatu, pima vilele, mabonde na chanzo chenyewe kwa miguu. Nukta chache zilizopimwa mahali ambapo kontua zinanyamaza zina faida kuliko nukta nyingi zilizorundikwa juu ya mstari uleule.

Nne, tumia msingi mmoja wa vipimo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, lakini vifaa vya GPS hutumia WGS84. Ukivichanganya bila kubadilisha, mahali palepale patahama kiasi cha mita 300, na mlimani hiyo ni tofauti ya mgongo na bonde. Vilevile mwinuko unaosomwa na GPS si lazima ulingane na mwinuko kutoka usawa wa bahari.

Tano, weka akiba ya nukta za kujaribia. Katika kila nukta kumi zilizopimwa, usiingize mbili kwenye modeli. Modeli ikiisha, linganisha namba zake na nukta hizo mbili. Tofauti ikiwa kubwa, rudi mlimani.

Je, picha za anga hazitoshi?

Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11. Takwimu zake ni za bure na zinafaa kuchagua njia ya awali. Lakini lengo lao la usahihi lilikuwa mita 16, na rada husoma pia vichwa vya miti. Kwa kontua za mita 20 nazo, tegemea kosa la mita kadhaa.

Kila mita 10 za mwinuko ni sawa na baa 1 ya msukumo. Bomba la daraja PN 10 hubeba tofauti ya mwinuko ya mita 100. Modeli ikisema 95 na ukweli ukiwa 110, bomba linaweza kupasuka bondeni, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya tenki la kupunguza msukumo. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: modeli ichague njia, lakini mabomba yasinunuliwe kabla mpimaji hajatembea njia yote kutoka chanzo hadi kituo cha mwisho.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Andiko letu linasema kontua zetu ni za mita ngapi?
2. Nani alipima mwinuko wa chanzo na wa mahali pa tenki, na kwa kifaa gani?
3. Nukta za kujaribia zilikuwa ngapi, na tofauti yake ilikuwa mita ngapi?
4. Je, nakala ya vipimo imekabidhiwa RUWASA wilayani na chombo cha watumiaji maji?

Wafadhili wetu, siku za mpimaji mlimani huonekana ghali kwenye bajeti. Tunaomba msizikate. Na ninyi wanakamati, msione haya kuuliza. Mzee anayejua mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi aitwe aitazame modeli kabla haijapitishwa.