Mgeni, Mtalii na Jembe: Suala la Tafsiri katika Utafiti wa Utalii Nchini Kenya

Utangulizi

Utafiti wa kitaaluma kuhusu usimamizi wa utalii na burudani umekita mizizi nchini Kenya. Chuo cha Utalii kilichoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1975 kilijishughulisha hasa na mafunzo ya kazi za hoteli. Baadaye vyuo vikuu, vikiwemo Moi na Kenyatta, vilianzisha masomo ya utalii hadi viwango vya uzamili na uzamifu. Tasnifu za taaluma hii huandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya data hutoka Diani, Watamu, Malindi na Lamu, kwa wavuvi, wachuuzi, akina mama wa mikeka na vijana wa ufuoni, ambao hujibu kwa Kiswahili.

Baina ya swali la Kiingereza na jibu la Kiswahili pana kazi ya tafsiri. Aghalabu kazi hii huchukuliwa kuwa ndogo, ikafanywa kwa haraka siku chache kabla ya safari ya nyanjani. Makala haya yanashikilia kwamba tafsiri ya hojaji ni sehemu ya utafiti wenyewe. Neno likikosewa, takwimu huwa sahihi kihesabu lakini huzungumzia jambo ambalo mhojiwa hakuulizwa. Hoja hii inafafanuliwa kwa kuchunguza maneno manne: mgeni, mtalii, starehe na kuridhika.

Mgeni na mwenyeji

Mojawapo ya nadharia zinazotumiwa mara kwa mara katika taaluma hii ni ya G. V. Doxey, iliyotolewa mwaka wa 1975 kutokana na uchunguzi uliofanywa Barbados na Niagara-on-the-Lake nchini Kanada. Doxey alidai kuwa hisia za wakazi kwa watalii hupitia hatua nne kadiri utalii unavyokua: furaha, kutojali, kero na uhasama. Mtafiti anayetaka kujua wakazi wa Watamu wako katika hatua ipi hana budi kuwauliza hisia zao. Chukulia kwamba anauliza: "Je, unafurahia kuwapokea wageni?"

Swali hili lina kasoro. Katika Kiswahili, mgeni ni mtu asiyejulikana na pia ni mtu anayestahili kukirimiwa. Jamii ya Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Anayeulizwa kama anafurahia wageni anaulizwa, kwa hakika, kama ana adabu. Atajibu ndiyo, na hojaji itaonyesha kuwa mji mzima ungali katika hatua ya furaha, ilhali mhojiwa huyohuyo amezibiwa njia aliyokuwa akipitia kwenda baharini kuvua.

Neno mwenyeji nalo halina budi kuangaliwa. Umbo lake linatokana na mwenye mji, yaani mtu mwenye mamlaka ya kupokea au kutopokea. Je, mkazi ambaye hakushauriwa hoteli ilipojengwa kando ya kijiji chake ni mwenyeji kwa maana hiyo? Na kijana aliyetoka bara kuja kuuza vinyago ufuoni, yeye ni mwenyeji au ni mgeni? Hojaji inayowaita wote wenyeji huwa imekwisha kuwajibia swali kabla hawajafungua kinywa.

Fauka ya hayo, Kiswahili kina maelezo yake kuhusu mabadiliko ambayo Doxey aliyachunguza: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii inatambua kwamba ukarimu una muda wake. Hata hivyo, inafikia mwisho ulio tofauti na wa Doxey. Mgeni anayekawia hageuki adui. Huingizwa katika kazi za nyumba na kuwa mmoja wa jamaa. Mtalii hapewi jembe. Hukaa siku zake, akalipa, akaondoka, na chumba chake kikachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo mkazi huishi na watalii kwa miaka mingi, lakini kila mtalii yu katika siku yake ya kwanza. Yamkini hapa ndipo kero inapoanzia, na mtafiti aliyeijua methali hii angekuwa na swali bora zaidi la kuuliza.

Nani mtalii?

Kitenzi talii kina maana ya kutembea huku na huko kwa nia ya kutazama na kujua. Taaluma ya utalii ina maana pana zaidi. Kwa mujibu wa mwongozo wa takwimu za utalii wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 2008, mtalii ni mtu anayesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka mmoja, akalala huko angaa usiku mmoja, bila ya kuajiriwa na taasisi ya mahali hapo. Safari hiyo yaweza kuwa ya mapumziko, ya mkutano au ya kuwatembelea jamaa, hata kuhudhuria mazishi.

Kwa fasili hii, mkazi wa Nairobi anayekwenda Malindi kwenye matanga na kulala huko siku mbili ni mtalii wa ndani. Akiulizwa, "Umewahi kuwa mtalii?", atakana. Anayempeleka mkewe na watoto Mombasa mwezi wa Desemba husema "tunakwenda kutembea" au "tunakwenda likizo". Kwa wengi mtalii ni Mzungu mwenye kamera. Mtafiti asiyelizingatia jambo hili atahitimisha kwamba Wakenya hawatalii, kumbe ni neno walilolikataa, si safari.

Starehe, burudani na kazi

Dhana ya wakati usio wa kazi ndiyo msingi wa tafiti za burudani. Joffre Dumazedier wa Ufaransa, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1962, aliutaja wakati huo kuwa na majukumu matatu: kupumzika, kujiburudisha na kujiendeleza. Kiswahili hakina neno moja linaloyabeba yote matatu. Mapumziko huelekea kwenye jukumu la kwanza, burudani kwenye la pili. Starehe, katika mazungumzo ya Wakenya wengi, huleta picha ya ulevi na anasa. Mama mtu mzima akiulizwa hutumia saa ngapi kwa wiki katika starehe, hana budi kusema hana hata moja.

Mama huyohuyo huketi barazani kila alasiri akisuka ukili na kuzungumza na majirani. Je, hiyo ni kazi au burudani? Mkeka utauzwa, lakini mazungumzo ndiyo yaliyomtoa ndani. Kosa hapa si la lugha. Mgawanyo wa kazi na burudani ulichotwa katika maisha ya viwandani, ambako king'ora hutenga saa za mwajiri na saa za mfanyakazi. Ni afadhali mtafiti aulize siku inavyopita tangu asubuhi hadi usiku, kisha ayapange majibu mwenyewe.

Kuridhika na kukubali

Tafiti za utalii hupenda kupima kuridhika. Neno hili lina nasaba moja na radhi na ridhaa, na katika jamii za pwani kuridhika ni sifa ya moyo: kukipokea ulichojaliwa bila ya kunung'unika. Mchuuzi anayeulizwa kama ameridhika na mapato yake aweza kujibu, "Nimeridhika, alhamdulillahi," siku ambayo hakuuza kitu. Jibu hilo ni la imani, si tathmini ya soko. Swali "Mapato yako yanatosha mahitaji gani, na hayatoshi yapi?" lingemfaa zaidi.

Vivyo hivyo kipimo cha Rensis Likert cha mwaka wa 1932. Sikubali katika Kiswahili laweza kuwa na maana ya kupinga rai, na pia ya kukataa kutoa idhini. Nayo sina hakika, inayowekwa katikati, humaanisha kutojua, wala si kutokuwa na upande.

Hitimisho

Njia za kuepuka makosa haya zinajulikana. Mwaka wa 1970 Richard Brislin alipendekeza kwamba hojaji iliyotafsiriwa irejeshwe katika lugha ya kwanza na mtafsiri wa pili asiyeiona nakala asilia, kisha matini hizo mbili zilinganishwe. Hata hivyo, hatua hiyo pekee haitoshi, kwa kuwa mgeni hurejeshwa kwa urahisi katika Kiingereza bila ya adabu yake kuonekana. Hojaji yapaswa kujaribiwa kwa wahojiwa wachache, wakiulizwa walivyoielewa.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Idara za Kiswahili na za utalii aghalabu zimo katika chuo kimoja, wala hazishauriani. Mwanafunzi wa isimu na fasihi ana mchango wa kutoa kabla hojaji haijapigwa chapa, na pia baada ya tasnifu kukamilika, kwa kuwarejeshea wahojiwa matokeo katika lugha waliyojibia. Mvuvi aliyeulizwa vibaya hawezi kuikosoa ripoti asiyoweza kuisoma, na ripoti hiyo ndiyo huenda ikatumiwa kuamua njia yake ya kwenda baharini.