Panya na Mnana: Jirani Si Lazima Awe Jamaa



Katika jaribio la mwaka wa kwanza tuliambiwa tulinganishe panya-shamba na mnana. Nikaandika kwamba viumbe hawa ni jamaa wa karibu, kwani nyuma ya msikiti wetu wa chuo wote hula mtama wa shamba moja. Swali lile nilipata sifuri. Mitihani imekaribia, nanyi msiirudie.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya makazi na uainishaji. Uainishaji hauulizi kiumbe anaishi wapi, bali ameumbwaje. Wote wawili wamo katika himaya ya Wanyama, faila ya Kodata, na wana uti wa mgongo. Kuanzia ngeli, njia zao zinaachana.

Panya-shamba (Mastomys natalensis): ngeli ya Mamalia, oda ya Rodentia, familia ya Muridae. Ana nywele mwilini na hunyonyesha; jike aweza kuwa na chuchu hadi 24. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, hivyo hana budi kuguguna ili yapungue.

Mnana (Ploceus cucullatus): ngeli ya Aves, oda ya Passeriformes, familia ya Ploceidae. Ana manyoya na mabawa, mdomo wake hauna meno, na hutaga mayai. Vidole vitatu vya mguu huelekea mbele na kimoja nyuma, apate kushika tawi. Amo katika kundi la ndege waimbao.

Sasa makazi. Panya hukaa mashimoni na hutoka usiku. Huingia hata majumbani. Mnana hutafuta chakula mchana. Dume husuka kiota kinachoning'inia mtini, kisha jike hukikagua. Akikikataa, dume hukifumua na kusuka kingine. Basi shamba ni moja, lakini mmoja huja jua likichwa, mwenzake amekwisha kurudi mtini.

Surat Al-An'aam, aya ya 38, inawataja wanyama wa ardhini na ndege kuwa ni umma mfano wetu. Kila umma una umbile lake na maskani yake. Tusome yote mawili bila kuyachanganya.

Zoezi: popo huruka usiku na hulala darini. Mweke katika ngeli yake. Ukitazama mabawa peke yake, utaipata sifuri yangu.

Wabillahi tawfiq.