Somo la 31: Milima Inayotembea

Wazee husema: Milima haikutani, bali watu hukutana. Methali hiyo ni njema, maana yatufundisha kuishi vizuri na wenzetu. Lakini wenye elimu wameipima milima, wakaona kwamba nayo hutembea. Huenda polepole mno, hata jicho haliwezi kuiona.

Kule Asia, kati ya Uhindi na Tibet, kuna safu ndefu ya milima iitwayo Himalaya. Humo umo mlima Everest, ulio mrefu kupita yote ya dunia. Urefu wake ni karibu meta 8849.

Milima hiyo ilitoka wapi? Twaa mkeka, utandike chini, ncha moja iguse ukuta. Sasa sukuma ncha ya pili. Waona? Mkeka wajikunja na kuinuka katikati. Ganda la dunia ni la mawe, nalo limegawanyika vipande vikubwa. Kipande cha Uhindi kinasukuma kipande cha Asia tangu miaka milioni 50 hivi. Ndiyo sababu nchi ilijikunja, ikawa milima.

Mwendo huo hupimwaje? Wapimaji huchagua mwamba mgumu, wakapiga chuma ndani yake. Hawakipigi katika udongo, maana udongo huvimba wakati wa mvua na kushuka wakati wa jua. Juu ya chuma hicho huweka chombo cha kupokea sauti za redio kutoka angani.

Huko juu, mbali kilometa 20 200, sateliti nyingi zinazunguka dunia. Kila sateliti ina saa halisi kabisa. Nayo hutuma habari daima: Mimi niko mahali hapa, na saa yangu ni hii. Chombo kilicho chini hutazama habari imechukua muda gani njiani.

Fikiri mtu akatae mti ng’ambo ya bonde. Kwanza waona shoka likipiga, halafu wasikia mlio. Mlio ukichelewa sekunde 1, mtu yule yuko mbali nawe meta 340 hivi. Redio hupita mbio zaidi: kilometa 300 000 kwa sekunde 1. Lakini hesabu ni ile ile. Sateliti 3 zaonyesha mahali chombo kilipo, na ya 4 yasahihisha saa ya chombo.

Simu ya mkononi hupima vivyo hivyo, ila huweza kukosa kwa meta kadhaa. Vyombo vya wapimaji husikiliza mchana na usiku, mwaka kwa mwaka. Hivyo hutambua hata milimeta chache.

Katika nchi ya Nepal waligundua jambo kubwa. Mwamba wa kusini, penye tambarare, na mwamba wa kaskazini, katika Tibet, hukaribiana sentimeta 2 hivi kila mwaka. Lakini chini ya milima vipande viwili vimeshikamana, havitelezi. Basi mawe hupindika. Pinda fimbo: yavumilia, yavumilia, kisha yavunjika ghafula.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 25 Aprili 2015, karibu na saa sita ya mchana. Mawe yaliteleza kwa nguvu, na nchi ikatetemeka. Kwa muda usiofika dakika moja, mji wa Kathmandu ulisogea kusini zaidi ya meta 1, ukainuka karibu meta 1. Vyombo viliandika yote. Watu karibu 9000 walikufa. Siku ile ilikuwa siku ya posho, na huko Nepal shule hufungwa siku hiyo. Madarasa maelfu yalibomoka, lakini watoto hawakuwamo.

Je, vyombo vyaweza kutaja siku ya tetemeko? Hapana. Vyaonyesha mahali ambapo mawe yamepindika, na kwa kiasi gani. Magharibi ya Nepal haijapata tetemeko kubwa sana tangu lile la mwaka 1505, na kusukumana hakujakoma. Kwa hiyo watu wa huko wapaswa kujenga nyumba na shule zenye nguvu tangu sasa.

Katika Kongo pia, mjini Goma, vyombo vya namna hii hupima nchi iliyo kando ya volkano Nyiragongo na Nyamulagira. Lakini katika Kivu nchi haisukumwi: yavutwa pande mbili, nayo hufunguka milimeta chache kila mwaka.

Maulizo

1. Kwa nini chuma hupigwa katika mwamba, si katika udongo?
2. Sateliti ya 4 ina kazi gani?
3. Nchi ikikaribiana sentimeta 2 kila mwaka, itakaribiana meta ngapi kwa miaka 100? Na kwa miaka 500?
4. Chombo hakijui siku ya tetemeko. Basi chatusaidia nini?
5. Himalaya na Kivu: taja tofauti ya mwendo wa nchi.