Tangi la Matumbawe: Kina na Mjenzi

Mtu atakaye kujengewa tangi kubwa la kufugia matumbawe huuliza kwanza litachukua lita ngapi. Yafaa aanze na kina. Kanieneo ya maji, yaani kani katika kila meta ya mraba, huongezeka kadiri ya kina, wala haitegemei upana wa tangi.

Tuchukue ukuta wenye urefu wa meta 3. Maji ya bahari yenye kina cha meta 1 huusukuma kwa kani ya nyutoni 15,000 hivi. Kina kikiwa meta 2, kani hufikia nyutoni 60,000. Kina mara mbili, kani mara nne, kwa kuwa kanieneo ya wastani na eneo linalosukumwa huongezeka pamoja. Aidha, katika maji ya kina kidogo mwanga huyafikia matumbawe kwa urahisi.

Mjenzi naye apimwe kwa hesabu zake: aeleze unene wa kuta na uimara wa viungo, kisha alijaribu tangi kwa maji kabla ya kutiwa viumbe. Mjini Berlin, Ujerumani, tangi la AquaDom, lenye lita milioni 1, lilipasuka tarehe 16 Desemba 2022, na samaki wengi wakafa.

Zoezi: Kokotoa kani juu ya ukuta huo, kina kikiwa meta 3.