SOMO LETU: KATIBA YATAKA WASOMAJI



Jina la Ngarenaro limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji meusi. Hapa Arusha na kule Meru habari ya maji tunaijua. Mfereji una masharti yake: nani afungue maji, siku gani, na anayeiba zamu ya mwenzake afanywe nini. Masharti yakitungwa na wachache, ugomvi hauishi. Katiba nayo ni masharti, ila ni ya nchi nzima. Hueleza nani atawale, kwa muda gani, na mwananchi ana haki zipi.

Katiba tuliyo nayo ni ya mwaka 1977. Ilipitishwa na Bunge Maalum. Wananchi hatukuipigia kura. Mwaka 2012 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilianza kukusanya maoni yetu. Rasimu yake ilitaka serikali tatu. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba likakaa Dodoma. Wajumbe wa UKAWA walitoka mwezi Aprili. Waliobaki wakarudisha serikali mbili, na tarehe 2 Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015, lakini ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika.

Je, mtu hushawishiwaje aikubali katiba? Si kwa fulana wala kwa nyimbo. Sheria ilitaka kura za NDIYO zipite nusu Tanzania Bara, na zipite nusu Zanzibar pia. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Namanga, waliikataa katiba mpya mwaka 2005. Ikaandikwa nyingine, wakaikubali mwaka 2010.

Wengine husema, "Katiba hailishi watoto." Haya, ni kweli haipiki ugali. Lakini ushuru unaolipa sokoni unatumiwa na viongozi, na katiba ndiyo isemayo nani awaulize wameutumiaje.

Basi, tumsikilize anayesema NDIYO na anayesema HAPANA. Kila mmoja tumwambie: "Tuonyeshe ibara unayoisema." Sisi tuliohitimu kisomo tusingoje kusomewa. Tusome wenyewe, tena tuwasomee wasiojua.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katiba inafanana vipi na masharti ya mfereji?
2. Kwa nini kura za Bara na za Zanzibar zilitakiwa kuhesabiwa mbalimbali?
3. Ungeulizwa leo, ungetaka ibara gani isomwe kwanza kijijini kwako?