SOMA KABLA YA KUTOA PESA, ULIZA KABLA YA KUTOA KIDOLE

Siku ya gulio wauzaji ni wengi. Mmoja amesimama juu ya gari. Anauza mbegu za mahindi. Ana kipaza sauti. Anasema, "Mbegu hii haiogopi ukame! Ekari moja, magunia hamsini! Bei hii ni ya leo tu!"

Karibu naye amekaa kijana chini ya mwavuli. Anasajili laini za simu. Anasema, "Shikamoo mama. Njoo, laini ni bure. Weka kidole tu."

Wa kwanza anataka pesa yako. Wa pili anataka taarifa zako. Pesa ni mali yako. Jina lako, namba ya kitambulisho chako na alama ya kidole chako pia ni vyako. Vyote hivi vinalindwa na sheria. Leo tujifunze jinsi ya kuitumia sheria hiyo.

Tangazo la mbegu

Tuchukue mfano. Mkulima ameuza mbuzi wawili ili anunue mbegu. Anamsikiliza mwenye kipaza sauti. Hasomi mfuko. Hadai risiti. Anapanda ekari mbili. Mvua inanyesha vizuri, lakini mahindi yanaota hapa na pale. Anapotafuta mbegu nyingine, wakati wa kupanda umepita. Mbuzi wamekwenda. Mavuno nayo yamekwenda. Watoto watakula nini?

Je, kosa ni la mkulima? Hapana. Kosa ni la aliyedanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Haruhusiwi kusema uongo juu ya ubora wa bidhaa, bei yake au mahali ilikotoka.

Kusifu biashara si kosa. Muuzaji akisema, "Mbegu yangu nzuri sana," anasifu tu. Lakini akisema, "Mbegu hii imepimwa na kuthibitishwa," hilo ni jambo la kweli au la uongo. Likiwa la uongo, amevunja sheria.

Lakini sheria inataka ushahidi. Maneno ya kipaza sauti hupotea hewani. Maneno yaliyoandikwa hubaki. Kwa hiyo, fanya hivi:

1. Soma mfuko. Tazama jina la mbegu, jina la mtengenezaji, uzito na tarehe.
2. Tafuta lebo ya TOSCI. Hii ni taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu. Kama lebo ina namba iliyofunikwa, ikwangue, kisha fuata maelekezo yaliyoandikwa hapo.
3. Dai risiti. Iwe na jina la muuzaji, jina la mbegu, kiasi, bei na tarehe.
4. Tunza risiti, mfuko na mbegu kidogo mpaka mahindi yaote vizuri.

Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kukujibu. Mwache, nenda kwa mwingine.

"Mali ikishauzwa hairudishwi"

Maneno haya yamebandikwa katika maduka mengi. Watu wakiyasoma hukata tamaa. Usikate tamaa. Kama umebadili mawazo tu, muuzaji anaweza kukataa kupokea mali yake. Lakini kama amekuuzia kitu kibovu, au kitu tofauti na alivyokueleza, maandishi ya ukutani hayafuti haki yako. Rudi dukani na risiti yako. Zungumza kwa upole, lakini usimame imara.

Kidole chako

Zamani wazee wetu wengi walitia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Baadhi yao walipoteza mashamba kwa njia hiyo. Wewe umejifunza kusoma na kuandika jina lako. Lakini kidole bado kinatafutwa.

Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019. Usajili huo una faida, maana humsaidia askari kumpata tapeli. Lakini tapeli naye ana hila zake. Unaweka kidole, kijana anasema, "Mama, hakijasoma. Weka tena." Unaweka mara ya pili na ya tatu. Kumbe amesajili laini mbili au tatu kwa jina lako. Laini moja anakupa wewe. Nyingine anaziuza kwa watu usiowajua. Mtu akitumia laini hiyo kuiba, uchunguzi utaanza na jina lako.

Basi, sajili laini katika duka la kampuni au kwa wakala unayemfahamu. Kila anapotaka kidole chako, uliza: "Cha nini?" Tazama simu yake na usome kilichoandikwa. Ukifika nyumbani, bonyeza *106# kwenye simu yako. Utaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu uikatae.

Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii inasema kwamba anayechukua taarifa zako lazima akueleze anazichukua kwa kazi gani. Asizitumie kwa kazi nyingine. Tena, mfanyabiashara akitumia namba yako kukuletea matangazo usiyoyataka, una haki ya kumwambia aache.

Ukidhulumiwa

Kwanza mwendee muuzaji. Akikataa kukusikiliza, mweleze Afisa Mtendaji wa Kijiji. Kama ni mbegu, mwite pia bwana shamba au bibi shamba aone shamba lako mapema. Malalamiko ya udanganyifu katika biashara hupelekwa Tume ya Ushindani. Malalamiko ya taarifa zako hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama umeibiwa, nenda polisi. Andika barua fupi: nani, nini, lini, wapi na shilingi ngapi. Barua hiyo unaweza kuiandika mwenyewe sasa.

Ndugu mwanakisomo, mwenye kipaza sauti anataka ufanye haraka. Wewe usifanye haraka. Soma kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuna tofauti gani kati ya kusifu bidhaa na kudanganya?
2. Kwa nini mkulima atunze mfuko wa mbegu baada ya kupanda?
3. Je, katika kijiji chetu yupo aliyekuta laini asiyoijua kwa jina lake? Alifanya nini?
4. Andika barua ya malalamiko yenye mistari mitano. Msomee mwenzako.